Dirisha la Upande wa Ziwa

Chumba cha seva cha redio yetu, kule Ibanda kando ya ziwa, kilikuwa na baridi kuliko vyumba vyote vya jengo. Kila mtu alilijua hilo, na shida ilianzia hapo.

Mwanzoni tulitumia kiyoyozi. Umeme ukikatika, jenereta lilikunywa mafuta ya mazutu mengi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya studio. Fundi wetu, mtu wa Kavumu, akatuuliza kwa nini tunanunua baridi wakati ziwa linaitoa bure. Alifungua dirisha la upande wa ziwa, akalitia wavu wa kuzuia vumbi, akatoboa tundu juu kwenye ukuta wa nyuma. Kisha akatenganisha mbele na nyuma ya seva kwa kartoni na plastiki, ili hewa ya moto isirudi ilikotoka. Kiyoyozi tukakizima. Msimu mzima wa mvua mashine ilipumua vizuri, na mkurugenzi aliwaonyesha wageni lile dirisha kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Baadaye vita vilifika, ndege zikaacha kutua uwanja wa Kavumu, benki zikafungwa. Diski iliyobeba nakala ya pili ya kazi zetu ikafa, na nyingine haikupatikana.

Jumatatu moja nilimkuta mjane kutoka Nyangezi ameketi mapokezi. Marehemu mume wake alikuwa mkulima aliyejua habari za vijiji vya kwao, na mimi ndiye niliyemrekodi. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote ila kwenye seva. Jumamosi ile ingekuwa misa ya kuondoa matanga, na familia ilitaka kumsikia kabla ya kula.

"Ngoja kidogo, maman," nilimwambia. "Nakuletea sasa hivi."

Nilipofungua mlango wa chumba cha seva, joto lilinipiga usoni. Dirisha lilikuwa limefungwa, na mbele yake kreti za bia na soda zilipangwa mpaka juu. Mhasibu wetu alikuwa anajiandaa kupokea wakwe wanaoleta mahari ya binti yake. Vinywaji alikuwa amevileta mwisho wa wiki, vikae kwenye baridi.

"Nilifunga juu ya wezi," mhasibu alisema alipokuja mbio, mikono kichwani. "Si mulisema hapa ndo kuko baridi?"

"Baridi ilikuwa inaingilia kwa dirisha, maman!" mtangazaji wa asubuhi akamjibu.

Tulitoa kreti, tukafungua. Kiyoyozi, tulipokiwasha, kilikohoa mara moja kikanyamaza. Kwa simu, fundi alituambia tuizime seva na tuiache ipoe yenyewe. Yeye alikuwa amesimamishwa njiani kwenye kizuizi. Hatukuweza kukaa tu. Tulichukua vipande vya kartoni tukaanza kuipepea.

"Piga, papa, piga!" mtangazaji alinihimiza. "Ingekuwa makala ya jiko, tungekuwa tumeisha kuchoma mahindi na kula."

Tulicheka, kisha tukamwona mjane amesimama mlangoni.

Fundi alifika alasiri. Aliiwasha, akainamisha sikio, sote tukasikia diski ikikwaruza. Aliizima. Alisema watu wanaoweza kuifungua wako mbali, nje ya nchi, na yeye hajui ingepelekwa na nani, kwa njia ipi.

"Sauti ya papa wa watoto wangu iko mule ndani?" mjane aliniuliza.

"Iko, maman."

"Na haiwezi kutoka."

Alivuta kiti, akakaa karibu nami, akakunja mikono juu ya kitenge chake.

"Basi wewe uniambie. Ulikuwa naye. Alisema nini?"

Nilitafuta. Nilikumbuka kuku niliowafukuza wasiharibu sauti. Nilikumbuka kwamba alivua kofia yake mbele ya kinasa sauti, kama mtu anayeingia kanisani. Maneno yenyewe nilikuwa nimeiachia mashine iyashike.

Nikamwambia habari ya kofia. Aliitikia kwa kichwa, akangoja niendelee.