Bageni Bangu ba Kwanza mu Bunia

Mucheke tu, lakini acha niseme. Niko fundi wa radio za ndege hapa Bunia. Bibi na batoto bangu bako Mambasa, na tangu nifike, hakuna mutu alishakuja kunitembelea.

Samedi nilitosha balise mu ndege moja, ile chombo yenye inajiwasha yenyewe na kuita musaada kwa radio kama ndege inaanguka na kugonga chini. Depot ya kuwekea vyombo ilikuwa imefungwa, nikaibeba mu sac ya mugongo juu ya pikipiki. Mashimo ya barabara ikatutikisa mubaya. Ku nyumba nikaiweka chini ya kitanda.

Kesho yake, Dimanche mu kanisa, pastere akasema tuombee ndege yenye inaita musaada, haijulikane iko wapi. Miye niliomba na machozi kuliko bote.

Kurudi tu, hodi! Chef wetu wa kazi na bafundi benzangu bote. Kumbe nami niko na batu! Nikaazima viti kwa jirani, nikaweka maji ya chai.

"Karibuni, muikale!"

Hakuna mwenye aliikala. Mumoja alishika radio ndogo, ikalia zaidi kila akisogea ku kitanda. Chef akapiga magoti, akavuta sac.

"Weye, ndege yenye tuliombea ni hii?"

Maji ya chai ikaanza kuchemuka.