Ghorofa ya Nirjala

Hirakaji Suwal alikuwa mhandisi wa majengo, mtu mpole, mnene kidogo, ambaye hakuwa na haraka na chochote isipokuwa chai yake. Tulikaa meza zinazotazamana katika ofisi ndogo ya mji wetu wa Bhaktapur, nyuma ya uwanja wa wafinyanzi. Yeye alipiga hesabu za majengo, mimi nilichora. Miaka mingi ya kutazamana usoni na mtu inatosha kumjua, kwa hiyo haya ninayowasimulia sikuyaokota barabarani.

Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa kama za jirani zake, na juu ya paa, kila nguzo ilipoishia, nondo zilichomoza hewani kama vidole. Ndivyo tunavyojenga kwetu. Mtu akimaliza nyumba hakati nondo za juu, anaziacha, maana mwana akioa ataongezewa ghorofa yake. Sasa Hirakaji hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Nirjala peke yake, na hilo liliwapa majirani kazi ya kufanya.

"Hira," jirani mmoja alipenda kumpigia kelele kutoka dirishani, "binti akiolewa anakwenda kwa wakwe. Hizo nondo unawafugia kunguru?"

"Namfugia Nirjala."

"Na mumewe je?"

"Akija na mume, ataosha vyombo."

Nirjala alikuwa Perth, Australia. Alikwenda kusomea uuguzi, akamaliza, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akabaki. Kila mwaka, usiku wa kuingia mwaka wetu sisi Wanewari, kila mtu huiheshimu nafsi yake: mama wa nyumba huchora duara la unga sakafuni kwa kila mmoja, na kila mmoja hukaa mbele ya duara lake. Dhanmaya, mke wa Hirakaji, alimchorea Nirjala duara pia, akaweka simu mahali ambapo binti angekaa. Hirakaji alikaa karibu nayo.

Mwaka ule, baada ya kuwekana alama za sala kwenye paji la uso, sauti ilitoka pale sakafuni. "Baba, nimechoka huku. Naogesha bibi za watu, na bibi yangu mwenyewe namwona kwenye kioo cha simu tu. Nijengee vyumba viwili juu, nirudi."

Hakukuwa na mahali pengine pa kumweka. Chini lilikuwa duka la Purna, mdogo wake Hirakaji. Katikati alikaa Purna na watoto wake, pamoja na bibi kizee. Juu kabisa, jiko, sehemu ya ibada na chumba cha Hirakaji na mkewe. Baada ya hapo ni nondo na mawingu.

Jumapili, wiki yetu ya kazi ilipoanza, aliingia ofisini kabla yetu sote. Nilimkuta ameshafungua ile programu yake ya zamani aliyojifunzia ujanani, yenye skrini ya kijivu, ambayo aliiandikia tarakimu bila kutazama vidole. Alikuwa ameisimamisha nyumba yake mle ndani, nguzo na boriti zote, na juu yake ameongeza ghorofa moja. Akaipitisha katika tetemeko, tetemeko la hesabu. Nyumba ikayumba ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Imepita.

Alitoka, akarudi na vibakuli vya udongo vya mtindi wetu ule mzito. "Kuleni," alisema. "Leo mimi ndiye mwenye sherehe."

Anoj, mhandisi kijana aliyeletwa ofisini pamoja na programu mpya, alilamba kijiko chake. "Kaka, nami niipitishe kwenye yangu? Kwa kujifurahisha tu."

"Ipitishe. Ishangilie."

Ilipofika saa ya chai, kwenye skrini ya Anoj nguzo za nyumba ile zilikuwa zimejipaka rangi nyekundu. Ukiongeza ghorofa, ilisema programu mpya, nyumba itayumba kupita kiasi.

"Hii programu yako ina chuki na familia yangu," Hirakaji alisema.

"Kaka, haijui hata kama una familia."

Tulicheka, na yeye alicheka. Lakini mtindi wake hakuumaliza.

Basi wiki ile yote alifanya kazi moja, kuzilinganisha programu mbili zile kama mtu anayechagua mkwe. Alianza na uzito wa nyumba, zikakubaliana. Nguvu ya tetemeko, zikakubaliana. Chuma kinachohitajika kwenye boriti, tofauti ndogo ya kupuuzwa. Ni kuyumba tu kulikogoma. Akaomba programu ya tatu kwa rafiki yake wa Lalitpur, akaijenga nyumba upya tangu msingi. Ile ikasema inapita.

"Mbili kwa moja," alitangaza.

"Tumeanza kupiga kura, kaka?" Anoj aliuliza.

Ninyi mnaonisikiliza mtadhani alikuwa mhandisi dhaifu. La. Nilimwona akimkatalia tajiri nguzo nyembamba mbele ya wajumbe wa manispaa. Ila safari hii, kila alipobonyeza kitufe cha kuanza hesabu, alifumba macho kidogo, na mimi nilijua anamwona nani akipanda ngazi na begi.

Alhamisi alipata chanzo cha ugomvi, na kilikuwa kitu ambacho angemfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Zege la nondo likitikiswa hupata nyufa ndogondogo, na likishapata nyufa hulegea. Programu ya Anoj ilikuwa imeambiwa ilichukulie zege kuwa limeshalegea. Hizi nyingine mbili hazikuambiwa kitu, kwa hiyo zililichukulia zima, kama siku mafundi walipoondoa mbao za kumwagia zege. Lakini hata hizo ukitaka unaziambia, kuna sehemu ya kujazia. Akaijaza kwenye ile ya zamani. Nyumba ikakataa. Akaijaza kwenye ile ya Lalitpur. Ikakataa.

Kisha alikwenda kwenye kompyuta ya Anoj, akaiondoa sehemu ile. Nyekundu zote zikatoweka, nyumba ikapita.

"Kumbe zote ni ndugu," alisema polepole. "Zinajibu unavyoziuliza."

Anoj alivuta kiti karibu, akashusha sauti. "Kaka, manispaa hawachimbui hadi huko. Na nyumba ni yako."

Hirakaji alinigeukia. Aliniambia mimi, "Chukua futi, twende nyumbani."

Alitaka kuona kama nguzo zingeweza kuvishwa koti jipya la zege kuanzia msingini, maana hiyo ni dawa inayojulikana. Tulipima tukichuchumaa kati ya magunia ya Purna. Nguzo za ndani zilifikika. Nguzo za pembeni zilibanana na ukuta wa jirani kulia na wa jirani kushoto, hata kiganja hakikupita. Kuzivisha koti ni kubomoa nyumba za watu wawili.

Tulipanda jikoni. Dhanmaya alitupa mchele uliopondwa, soya nyeusi za kukaanga na nyama ya nyati wa kufugwa yenye pilipili. Purna alipanda pia, akakaa mlangoni.

"Mnahangaika nini na mashine?" Purna alisema. "Mtaa mzima umeongeza ghorofa. Nani amekufa?"

"Bado," Hirakaji alisema.

"Kaka, unamkatalia mtoto wako kwa sababu ya kompyuta?"

Aliyejibu alikuwa mkewe. Aliweka mwiko chini, akasukuma kabati la vyombo likalia sakafuni. Nyuma yake ukuta ulikuwa umepakwa plasta ya rangi tofauti kidogo, pale boriti inapokutana na nguzo.

"Shemeji, mwaka wa lile tetemeko kubwa ulikuwa umekimbilia uwanjani na hema lako," alisema. "Mimi ndiye niliyemshikia kaka yako ndoo ya plasta. Huu ufa ulikuwa unaingia ukucha wangu wote. Na ule kule, na ule wa ngazini. Tuliziziba zote ili bibi asiogope." Akamgeukia mumewe. "Hizo mashine zako zinaulizana kama zege lina nyufa. Si ungeniuliza mimi?"

Hirakaji alitazama ukuta.

"Namtaka mwanangu kuliko unavyomtaka wewe," Dhanmaya alisema. "Lakini simlazi juu ya ufa."

Jumamosi walimpigia. Nilikuwa nimefuata futi niliyoisahau pale, nikalazimishwa kukaa.

"Nirjala," baba yake alisema, "nyumba haibebi."

"Umehakikisha?"

"Kwa programu tatu na mama yako."

"Ungeniambia tu inabeba, Baba. Ningekuamini."

"Najua ungeniamini."

Alilia kidogo, wakamwacha alie. Kisha akasema Desemba atakuja kwa likizo, alale jikoni na mama yake, na likizo ikiisha atarudi kazini. Purna, aliyekuwa mlangoni tena, alisema atahamisha magunia apate nafasi ya begi. Dhanmaya aliuliza kama bado anakula pilipili. Yalisemwa ya kusemwa, na mwishowe Hirakaji aliirudisha simu mkononi mwake.

"Huko unalala ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano. Kwa nini?"

"Nguzo zake nene kiasi gani?"

"Baba!"

"Niambie tu. Pima kwa shubiri kama huna futi."

Wiki zilizofuata aliwahi ofisini kuliko kawaida. Anoj alimfundisha programu mpya vizuri, bila utani, au na utani kidogo. Siku moja nilizunguka meza kumpelekea mchoro, nikaona kwenye skrini yake jengo refu nisilolijua, lenye vibaraza upande mmoja, ambalo halikuwa katika kazi za ofisi yetu.

"La nani hili?"

"Anapolala Nirjala," alisema. "Nimefika ghorofa ya tatu. Jumamosi akitoka kazini atanipimia nguzo ya varandani, picha aliyotuma ina giza."

Akasogeza kikombe pembeni ili nione vizuri, akaanza kunionyesha dirisha lake lingekuwa wapi.