Bi Mwanaidi Wawili

Nnaona haya hata kuandika. Nafanya kazi kwenye utafiti wa macho huko Matemwe. Yangu ni kupiga picha za ndani ya jicho, na majibu huyatoa daktari. Juzi daktari alichelewa, nami nikajitia ujuzi.

Nikamwita Bi Mwanaidi, mshona kofia. Nikamwonyesha picha nikamwambia sukari imeshamharibu macho, sindano yake ya kushonea aiweke chini. Bibi wa watu akalia. Akatoa mkobani kofia aliyokuwa akiishona, akampa jirani yake aimalizie.

Mama mmoja mlima mwani wa baharini nikamwonyesha picha nyingine, nikampa hongera: macho yake mazima.

Daktari alipofika aliitazama ile picha niliyomwonyesha mshona kofia, akaita, "Bi Mwanaidi Haji!"

"Naam," akaitika mlima mwani.

Mshona kofia alikuwa Mwanaidi Juma. Jina la baba sikulisoma.

"Majibu ya mama huyu umempa nani?" daktari akaniuliza mbele ya watu wote.

Mlima mwani akanigeukia, bado anatabasamu.

"Kwani nna nini, mwanangu? Si umenambia mimi mzima?"