Mabasi Mawili ya Bendi Moja

Saa tisa na dakika kumi alasiri, nyuma ya ukumbi mmoja wa Ixelles, hapa Brussels, mpiga ngoma aliniambia nisishushe ngoma zake. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa nyuma wa basi dogo. Ngoma hutangulia jukwaani kabla ya chombo kingine chochote, kwa hiyo nilielewa kwamba hakuwa anazungumzia kuchelewa, bali kutopiga kabisa.

Nilikuwa dereva wa bendi hiyo ya rock kutoka Aislandi tangu safari yao ya kwanza huku Ulaya bara. Walikuja vijana wanne kutoka mji wa wavuvi, wakaimba Kiaislandi mbele ya watu wapatao thelathini, na malipo yao yakaishia kwenye mafuta ya gari na sahani nne za pondu, kisamvu cha kwetu Kongo. Baadaye nilijisomea historia yao, albamu baada ya albamu, kwa sababu dereva anayewajua abiria wake hafanyi makosa mengi. Albamu ya pili iliwafikisha kwenye kumbi kubwa. Wimbo mmoja ulinunuliwa kwa tangazo la gari. Kisha mwimbaji akataka waimbe kwa Kiingereza, na mpiga ngoma, ambaye ndiye aliyeandika maneno ya nyimbo zote za mwanzo, hakumsamehe.

Walikuwa na desturi moja. Mwenye lalamiko aliketi mbele, karibu yangu, akageuka nyuma na kusema mpaka amalize. Hakuna aliyeruhusiwa kumjibu hadi kituo kinachofuata cha mafuta. Nimewasikia wakitukanana kutoka Brussels hadi Lyon, wakashuka wakicheka.

Mwaka huu meneja wao alipiga simu. Mwimbaji na mpiga ngoma hawakutaka tena kupanda gari moja. Je, nilikuwa na mabasi mawili? Nilikuwa na moja. Nilikopa benki, nikanunua la pili, nikamwajiri shemeji yangu aliendeshe. Ziara ya miji ishirini ingelilipa lote.

Mke wangu, mtu wa Bukavu, alilizunguka lile basi siku nilipolileta nyumbani Ganshoren.

"Papa, bale batu banaachana, na weye unabatafutia nyumba ya pili?"

"Ni kazi, maman."

"Bon, kazi. Utaniambia."

Brussels ulikuwa mji wa tano wa ziara. Mwimbaji alitoka ukumbini, akaona ngoma bado ziko ndani ya gari. Mpiga ngoma hakumtazama. Alizungumza nami, kwa Kiingereza, ili sote tusikie.

"Mwambie leo atumie mashine ya ngoma. Mashine haidai sehemu yake ya fedha."

"Mwambie mashine inajua kuhesabu hadi nne," mwimbaji akajibu.

"Ambianeni wenyewe," nilisema, "mko hatua mbili tu." Nikafungua mlango wa mbele. "Kaa hapa, useme. Nitawazungusha mpaka mmalize."

Mpiga ngoma alikitazama kiti, akashika mlango. Nadhani angeketi. Lakini mwimbaji alikuwa ameshageuka.

"Nitakuwa kwenye basi langu," alisema, na shemeji yangu akamfungulia mlango kwa adabu, kama nilivyomfundisha.

Zamani hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Nililiwaza hilo nikiwa bado nimesimama pale, mkono mfukoni, nikishika funguo.

"Uwanja wa ndege," mpiga ngoma akasema. Alipanda nyuma.

Nilimpeleka. Ningeweza kukataa, lakini aliyekodi gari ndiye anayesema liende wapi, na sijawahi kumfungia mtu garini. Njia nzima alitazama dirishani. Kabla hatujafika uwanjani Zaventem, meneja aliniandikia kwamba tamasha zote zilizobaki zimefutwa na kwamba bendi haipo tena.

Nyumbani mke wangu hakunicheka. Aliuliza kama yule mtu alikuwa amekula, nikasema sijui.

Basi la pili lilikaa miezi mitatu mbele ya nyumba bila kazi, kisha nikaliuza kwa bei ya chini kuliko niliyolinunulia. Nikitoa malipo ya miji mitano, na kuongeza riba ya benki na mshahara wa shemeji, nilipoteza euro elfu tisa mia tatu na arobaini.