Mizani ya Rubondo na Matabishi ya Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya wote, nikajificha nyuma ya kanisa tunalofanyia mikutano ili nisisalimiane na watu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri cha tano. Mwenyekiti wa zoni yetu ya Rubondo, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ndiye aliyenitaja kwa ofisa: "Uyu anajua Kiswahili yetu na Kingereza ya masomo. Ila hasemi." Ofisa akajibu, "Atasema tu." Ndivyo nilivyopata kazi ya ukalimani, na ninyi wadogo zangu mnaodhani ni kazi ya wenye midomo, nawaandikia ninyi.

Ofisa huyo ndiye akawa mkubwa wangu: Ofisa Vipimo kutoka ofisi ya biashara ya Kamukuzi, Mbarara. Sote tulimwita Madamu. Alikulia kambi ya jeshi ya Makenke, baba yake askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kifupi kama amri; cha wamama wetu kilimpita. Asubuhi ile alinifundisha kuhakiki mizani, yaani kuweka juu yake mawe ya chuma ambayo uzito wake unajulikana, uone kama mshale unasema kweli. Alifuta kila jiwe kwa kitambaa. "Jasho ya mkono nayo iko na uzito," aliniambia. Sijui kama alikuwa anatania. Mpaka leo nafuta mikono kabla ya kushika kitu chochote cha kazi.

Kazi yenyewe ilihusu sheria mpya ya soko. Kwetu maharage huuzwa kwa kopo, na wanunuzi wa mjini huja na makopo yao, matako yamegongwa kwa ndani mpaka yakavimba, ili yabebe zaidi. Kila msimu gunia la mama yangu liliisha mapema, naye akarudi nyumbani na pesa pungufu. Ofisi ilitaka kuleta mizani ya serikali sokoni, lakini Madamu alikuwa na utaratibu wake: rasimu, yaani sheria kabla haijatiwa sahihi, husomwa kwanza mbele ya watu itakaowagusa. Wakiikataa, mizani inapelekwa soko lingine. Mama aliitaka mizani ile kuliko mtu yeyote.

Basi nikaisoma kanisani, nikiitoa kwenye Kiingereza. Nilipofika kwenye mstari unaosema ni kosa kuongeza au kupunguza baada ya kupima, mama alisimama.

"Kuongeza ni kosa? Na matabishi?"

Matabishi ni ile konzi moja muuzaji anayoongeza juu ya kipimo ili mteja arudi. Tulitoka nayo Kivu ya Kusini.

"Mama, keti," nilimnong'oneza.

"Siketi. Miye nikimupa mujane konzi moja, nimekuwa mwizi? Basi iyo mizani muirudishe kwenu."

Wamama wakapiga makofi. Mmoja akanitania, "Mukalimani, na hiyo utafasirie vizuri." Niliona mizani inaondoka, na mama ndiye anayeifukuza.

Nilitafsiri yote, hata ya mwizi. Madamu hakukasirika. Alimwomba mama aje apime kilo moja ya maharage. Mshale ukatulia. "Sasa toa ile yako," akasema. Mama akaimimina kilo kwenye kitambaa cha jirani yake, akatupia konzi juu. Madamu akatazama kitambaa, akatazama rasimu.

"Hii mstari tuliandika vibaya," alisema mbele ya watu wote. "Peke yangu siwezi kufuta. Naenda kwa mkubwa yangu. Nitarudi."

Watu wa kutuambia "nitarudi" tumewaona wengi. Wamama waliondoka wakicheka.

Nikahamishiwa Kamukuzi, kwa siku moja tu, lakini mimi naihesabu kuwa uhamisho. Mkuu wa Biashara, mkubwa wa Madamu, alisoma rasimu bila kuinua kichwa. "Mtu akiruhusiwa kuongeza, kesho atapunguza," alisema.

"Kupunguza kunabaki kosa, bwana mkubwa," Madamu akajibu. "Mtoto, mueleze."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikaeleza nikitazama viatu vyangu. Mkuu akainua kichwa, akasema kwamba mama yake aliuza maziwa, na kila akimaliza kupima alimiminia mteja kidogo tena. Hakusaini pale pale. Aliipeleka kwenye kamati, kwa sababu yeye naye hakuwa na ruhusa ya kufuta peke yake. Zamani utaratibu huo ningeuita usumbufu. Siku ile nilipenda kwamba hakuna aliyejifanya ofisi ni ya kwake.

Madamu alirudi Rubondo na mizani, na mstari umerekebishwa: kupunguza ni kosa, kuongeza ni ruhusa. Mnunuzi wa kwanza kutoka mjini aliweka kopo lake chini bila kuulizwa. Gunia la mama liliisha pale lilipopaswa kuishia.

Jioni Madamu akanunua maharage ya kwake. Mama akapima, akaongeza konzi. Madamu akarudisha mkono nyuma. "Mwambie ofisa hapokei zawadi."

Sikumwambia mama chochote. Nilimgeukia Madamu, nikasema kwa sauti ambayo hata mwenyekiti aliisikia: "Madamu, hii si zawadi. Kila mteja anapewa. Umeiruhusu wewe mwenyewe."

Akafungua mfuko wake.

Wiki iliyofuata shule ilifunguliwa, nikastaafu. Madamu alinipa mkono kama anavyompa mtu mzima, lakini kwanza aliufuta wake kwa kile kitambaa cha mawe ya mizani.