Shina la Pembe Tatu

Mtu akikuambia nanasi ni binamu wa mtama, utamwangalia mara mbili. Mama Majalada alimwangalia mara tatu, maana aliyesema alikuwa mgeni wa miezi minne tu kazini, na tayari alikuwa na ufunguo wa kila kabati.

Mama Majalada, kama wenzake walivyomwita, alikuwa mtunzaji wa mimea mikavu. Kwa miaka ishirini na saba alipokea mimea iliyobanwa kwenye magazeti, akaishona juu ya karatasi ngumu, akaandika jina, mahali na tarehe, kisha akaiweka kwenye jalada la jamaa zake. Ghala lilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, kinanuka dawa ya wadudu. Kushoto zilikaa nyasi: mpunga, muwa, mwanzi, mpaka ukoka unaokanyagwa na kila mpita njia. Kulia zilikaa ndago na mafunjo, ambazo ukiziona kwa mbali utaapa ni nyasi, na kiapo chako kitakuwa cha uongo.

Yeye hakuhitaji kioo cha kukuzia ili kuzitenganisha. Alifumba macho akaviringisha shina kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la nyasi ni duara na lina vifundo. La ndago lina pembe tatu, na ukilipapasa toka chini hadi juu hukutani na kifundo. Wanafunzi waliletwa kumwona akifanya hivyo, naye alijidai kidogo, tena kidogo si neno lenyewe.

Sasa kulikuwa na mtu anamchezea. Karatasi aliyoiweka kushoto Jumatatu, Alhamisi aliikuta kulia. Aliirudisha. Wiki iliyofuata ilikuwa imehama tena, na nyingine tatu zimeifuata. Mama Majalada hakuhitaji kupiga ramli. Daktari wa nyasi, yule binti wa nanasi, ndiye mtu mwingine pekee aliyekuwa na ufunguo.

"Daktari, wewe unapanga kwa utaratibu gani?" alimuuliza siku moja, sauti laini kama pamba.

"Kwa ukoo, mama. Nyasi na ndago zina babu mmoja, lakini zilishaachana zamani sana. Zote ziliacha maua ya rangi, zikautegemea upepo. Ndiyo maana zinafanana hivi."

"Na zikishaachana, nani anazirudisha pamoja?"

Binti alitazama sakafu. Mama Majalada aliliweka jambo hilo moyoni.

Nyumbani alimweleza mume wake, fundi saa aliyestaafu, kwamba kuna mtu anamchimba apewe mkono wa kwaheri kabla ya wakati wake. Huku akiongea aliipua sufuria bila kitambaa. Mzee alishtuka akamwambia aiweke chini, ataungua. Akamjibu kwamba mikono ya kazi haidekezwi, wala asibadilishe mazungumzo. Mzee alipomshauri amwone mganga wa hospitali, Mama Majalada alianza kumshuku hata yeye, kwamba ameshaongea na watu wa ofisini.

Akatega. Alifunga uzi mwembamba kwenye kitasa cha kabati la nyasi, akaenda kunywa chai. Aliporudi uzi ulikuwa umekatika. Kesho yake alijibanza nyuma ya rafu za magazeti, miguu ikamwuma, mpaka alipomwona daktari akitoa karatasi sita kushoto, akigeuka nyuma kama mwizi wa kuku, na kuzichomeka kulia. Moyo ulimdunda kwa hasira na, tusifichane, kwa furaha. Alizichukua zile karatasi sita akaenda nazo moja kwa moja kwa mkuu.

Mkuu alikuwa msomi wa minyoo. Nyasi kwake zilikuwa kitu cha kufyekwa. Alimwita binti, akatandaza karatasi mezani, akauliza zinakaa upande gani.

Mama Majalada alifumba macho. Akaviringisha shina la kwanza, la pili, la tatu. "Nyasi. Nyasi. Hii nayo nyasi."

"Daktari?"

Binti alimtazama Mama Majalada. "Mama yuko sawa," alisema. "Nilichanganya. Bado najifunza."

"Uko kwenye kipindi cha majaribio, unajua hilo," mkuu alisema, akavuta faili lake na kufungua kalamu.

Ushindi ulikuwa mezani, wa kuchukua tu. Lakini mtu aliyezoea kushuku hapokei hata zawadi bila kuigeuza. Huyu ni mtu wa shahada tatu, aliyezisomea nyasi toka usichana wake. Anakosea nyasi sita kwa mpigo? Na mwenye hatia gani anakubali upesi hivi, bila kujitetea, bila kulia, tena akimwangalia mshtaki wake kwa huruma?

"Una kioo, daktari?"

"Mama, achana nayo."

"Nipe kioo."

Aliinamia shina la kwanza. Kingo tatu, zimesimama wazi hata mtoto angeziona. La pili, pembe tatu. La tatu hakulimaliza. Aliliviringisha tena kati ya vidole, macho wazi safari hii, akiziona zile kingo zikipita juu ya ngozi yake, na hakusikia chochote. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Toka lini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nilizikuta ndago kwenye kabati la nyasi nilipofika," binti alijibu kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nazirudisha ukienda chai. Sikutaka wakuondoe."

"Ngapi?"

"Mia moja na kitu."

Mkuu alikuwa ameshaanza kuandika jina la binti.

"Futa hilo, mkuu," Mama Majalada alisema. Akalaza mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu. "Andika jina langu. Vidole vyangu vimekufa ganzi, na mimi nilikuwa natafuta mwizi."