Insha Niliyoisoma kwa Aibu

Nafundisha historia katika chuo cha umma hapa Kisii, na nina hasira, ingawa aliyeaibika ni mimi. Idara ina walimu watatu. Waliostaafu nafasi zao hazikujazwa, kwa hiyo nabeba kozi saba, moja ikiwa na wanafunzi mia nne. Wakubwa wanatuambia tuvumilie. Basi nimevumilia kwa kuacha kusoma insha. Nafungua ukurasa wa mwisho, naandika maneno mawili matatu kwa wino mwekundu, nachukua nyingine.

Muhula huu niliwatuma wanafunzi wakawahoji wazee vijijini. Jumamosi iliyopita, baada ya ibada ya Sabato, mama yangu aliniita nyumbani Mosocho. Msichana wa chuo alikuwa amemhoji kuhusu enzi za kilimo cha pareto, na sasa alikuwa amemletea insha yenyewe kama alivyoahidi. Mama hajui kusoma, akataka nimsomee. Msichana aliponiona aliweka kikombe cha chai chini. Mimi sikumtambua. Ningemtambuaje, kati ya mia nne?

Nikafungua ukurasa wa mwisho, kama kawaida yangu, nikakuta mwandiko wangu. "Bibi huyu hajui lolote. Tafuta mtu anayeijua historia." Ukurasa huo ulisema 'bibi' tu; jina la mama lilikuwa ukurasa wa kwanza, ambao sikuwa nimeufungua.

"Hayo mekundu yanasemaje?" mama akauliza.

"Yanasema umesaidia sana."

Msichana akaanza kulia. Mama akamgeukia. "Nini tena, mwanangu? Kwani mwalimu wako ameandika nini?"

"Muulize mwenyewe, mama," akasema. "Ndiye huyo anayekusomea."